Sababu Zangu za Kupenda O Nyekundu

Jumatatu, 5 Mei

Mubaraka kamtumia mama yake laptopu kutoka Doha! Sasa mama huyo, Rukiah, jirani yangu wa mlango wa pili hapa Bukoto, atauza tabaga zake mtandaoni. Hakuna anayesuka vifuniko vya chakula kama yeye, Kampala nzima, na Bombo, mji wetu Wanubi, niitie humo humo. Leo ngazini kasema anatafuta mtu wa kumwonyesha brauza ipi ni nzuri. Nikasema mimi! Sijafunga mdomo, Oyat wa chini naye akasema yeye. Oyat! Polisi mstaafu, kama mimi hana mke, na juzi kanunua manukato.

Mimi ni mtu wa brauza ya O nyekundu. Oyat ni mtu wa lile duara la rangi rangi. Akasema dunia nzima inatumia duara. Nikamjibu kwamba mafua pia dunia nzima inayo. Rukiah akacheka. Alinichekea mimi, si Oyat.

Niandike ukweli, maana humu hasomi mtu: nataka kumuoa Rukiah. Atakayemfundisha atakaa karibu naye kila jioni. Mpango unaanza kesho.

Jumanne, 6 Mei

Rukiah kaniletea kisra, ile mikate yetu myembamba, na mchuzi, sahani imefunikwa tabaga ya zambarau. Oyat naye kapelekewa. Kwetu Wanubi sahani ya jirani hairudi tupu, na Oyat, Mwacholi mzima, keshaijua desturi: kairudisha na kopo la odii, ufuta na karanga alivyosagiwa na dada yake Gulu. Kitu cha kawaida kabisa.

Mimi nimekwenda kwa mtu wa fotokopi nikapiga chapa sababu zangu za kupenda O nyekundu. Haili bando. Inafunguka hata mtandao ukiwa dhaifu. Inafukuza matangazo ya kamari. Nikaitia karatasi lamineti, nikailaza kwenye sahani, nikaifunika kwa tabaga yake. Fahari gani!

Rukiah akafunua. Akatazama. Akageuza upande wa pili. Akaniuliza, kwa upole kabisa, hii inaliwa na nini.

Alhamisi, 8 Mei

Umeme wa Rukiah umekwisha. Kaniachia laptopu niichaji, yeye kaenda Old Kampala kwa dada yake. Kaniachia mimi! Kufungua, nikakuta Oyat keshamwekea duara lake. Nikaona nimepata nafasi: niliondoe, niweke O, mama wa watu atazoea bila kujua. Mashine ikaniuliza kama nifute na vyote vilivyomo. Nikasema ndiyo. Mimi hupenda usafi.

Kumbe humo mlikuwa na ukurasa wa duka lake, aliokuwa akiujaza tangu jana na hajautuma. Picha za tabaga. Maelezo ya kila moja. Hadi habari za marehemu mama yake aliyemfundisha kusuka.

Alirudi, akafungua, akautafuta ukurasa wake huku na huku. Heri angenirushia kiatu. Akasema basi, ataandika upya. Nimejiona mtu mdogo sana.

Ijumaa, 9 Mei

Baada ya swala nikabeba ndizi bogoya nikaenda kukiri. Oyat akanikamata ngazini. Akauliza, maana kwake kila mtu ni afande, "Afande, nini mbaya? Uso yako kama ya mtu nafiwa." Nikamweleza. Nilidhani atafurahi. Badala yake akafuatana nami, akasema duara aliweka yeye, hivyo nusu ya kosa ni lake. Mtu wa ajabu yule.

Rukiah akatusikiliza, akasema alikwishajua, akatupa kazi. Mimi nikashika tabaga ukutani, Oyat akapiga picha, yeye akaandika. Mkono wangu umeonekana katika kila picha. Nikataka turudie. Akasema mkono ubaki.

Oyat alipokwenda kuchemsha chai, Rukiah akaniuliza kwa nini naipenda O ile kiasi hiki, na nisimsomee karatasi. Nikamwambia. Kwa sababu aliniwekea yeye. Siku niliyonunua simu, sijui hata pa kubonyeza, alikaa nami ngazini mpaka ikaadhiniwa magharibi. Tangu siku hiyo siwezi kuiondoa. Nikiifungua naona vidole vyake.

Akarekebisha gurbaba yake, ile nguo ya kujitanda, begani. Kisha akasema aliichagua kwa sababu simu yangu ilikuwa imejaa, na hiyo ndiyo ilikuwa nyepesi. Yeye mwenyewe anatumia brauza ya mbweha. Mbweha! Akaongeza, macho yapo sakafuni, kwamba kuiweka hakukuchukua muda wowote, kazi iliisha kabla hatujakaa vizuri. Ila alikaa mpaka magharibi.

Jumapili, 11 Mei

Nimeyapima maneno ya Rukiah. Ikiwa kazi iliisha mapema na bado tukakaa mpaka magharibi, maana yake ni moja tu: mtandao siku ile ulikuwa mbovu, na yeye kwa adabu zake hakutaka kunivunja moyo. Nimemweleza Oyat. Akashika kichwa. "Ssebo, bwana! Mwanamke nakaa na wewe mpaka jua naingia, wewe nasema mtandao?" Nikamwambia mambo ya kiufundi polisi hawayawezi. Kaondoka akicheka peke yake. Leo hata manukato hakujipaka.

Mchana Rukiah kaleta sahani. Kisra, kuku, na juu yake tabaga mpya: nyekundu pembeni kuizunguka, katikati nyeupe tupu. Nadhani uzi mwekundu ulimwishia, nami sikutaka kumwaibisha. Oyat hakupelekewa kitu. Maskini, sijui kamkosea nini. Rukiah kasema sahani niirudishe mwenyewe, jioni, na nisije na haraka.

Niko tayari. Nimepiga chapa karatasi mpya, sababu zimeongezeka, lamineti pande zote mbili. Nikimsomea polepole, zitatufikisha magharibi.