Vibwengo wa Binti Yako Wamepata Akili

Mama Mkwe Mheshimiwa,

Shikamoo. Natumaini goti lako limepata nafuu na hapo nyumbani wote ni wazima. Sisi huku miili haijambo. Ni moyo ndio ulionikalisha na kalamu.

Najua mkwe hamwandikii mama mkwe ovyo. Miaka saba ya ndoa sijakuletea shtaka hata moja, hata siku ile binti yako alipomgawia jirani kiti changu nikiwa nimekikalia. Lakini sasa maji yamezidi unga.

Huenda hujui tunachofanya mezani kila Jumamosi alasiri. Tunacheza mchezo wa hadithi na dadu. Mimi, kinyozi wa mtaa wetu na kitindamimba wako, kila mmoja ana shujaa wake aliyeandikwa kwenye karatasi: nguvu zake, silaha zake, majeraha yake. Binti yako ndiye msimamizi. Yeye anashika mapango, mvua na maadui wote. Tunasema tunalotaka kufanya, dadu inarushwa, naye anatueleza yaliyotupata. Shujaa wangu ni askari wa upanga, nimemlea miaka minne. Hivi ninavyoandika amefungwa kamba ndani ya shimo la vibwengo, yale mashetani madogo ya mapangoni, na Jumamosi hii ndipo itajulikana kama anaishi. Akifa, sheria ya meza ni kwamba mwenyewe naichana karatasi.

Zamani vibwengo walikuwa vibwengo. Walitoka pangoni mmoja mmoja wakipiga kelele, wakasimama mbele ya upanga wangu, wakafa kwa adabu. Kisha binti yako akapandishwa cheo hospitalini, akawa muuguzi mkuu wa zamu, na tangu hapo hakukaliki. Malalamiko yangu ni haya:

1. Wamefunga mlango. Miaka yote hiyo hakuna kibwengo aliyewahi kufunga mlango. Tulifika tukakuta umetiwa komeo kwa ndani. Tulikaa nje dakika arobaini za saa ya ukutani, kinyozi akiuliza kama inaruhusiwa kubisha hodi.

2. Wana zamu. Ratiba yao nimeiona kwa macho yangu, imepigwa mistari kwa rula kama ile ya wauguzi. Tuliwavamia alfajiri tukidhani wamelala. Waliolala walikuwa wanne. Kumi na wawili walikuwa ndio kwanza wameingia kazini, wamepumzika. Mmoja yuko likizo ya uzazi. Nakuuliza Mama, kibwengo?

3. Wanampiga mganga kwanza. Mganga wetu mchezoni ni kinyozi, ndiye anayetuponya katikati ya vita. Zamani walihangaika na mimi mwenye ngao, kiume. Sasa wananipita kama nguzo ya umeme na kumwendea yeye. Nilipolalamika, binti yako alinijibu kwa upole kwamba hata yeye angekuwa kibwengo asingepoteza mishale kwenye chuma. Kinyozi ameanguka mara tano. Juzi alininyoa upande mmoja akasimama, akaniuliza kama nadhani wanamjua kwa sura.

4. Wanakimbia. Ukimjeruhi mmoja hangoji umalizie. Anarudi nyuma, mwenzake anashika nafasi. Wiki inayofuata unamkuta amefungwa bendeji. Tena anakukumbuka.

5. Wamenisoma tabia. Kila mlango katika miaka minne nimeuingia wa kwanza, huku nikitangaza kwamba natangulia. Wale waliokimbia walikwenda kuwahadithia wenzao. Basi wakachimba shimo nyuma ya mlango, la mtu mmoja tu, upana wa mabega yangu. Nilitangaza, nikatangulia, nikatua.

6. Hili linakuhusu wewe moja kwa moja. Kitindamimba wako, badala ya kuniokoa, alikaa na mzee wa vibwengo wakapatana. Sasa shujaa wake amehamia kwao. Anasema wana utaratibu kuliko alikolelewa. Sitaki kuchonganisha watu, nakufikishia tu.

Kwa hiyo naomba uzungumze na mwanao kama mama. Awanyang'anye vibwengo akili, au japo awapunguzie nusu. Najua akili ni nywele, kila mtu ana zake; lakini kwenye kitabu cha mchezo vibwengo wamechorwa na vipara.

Nisalimie Baba, mama mdogo, na yule jirani anayependa kujua barua inasema nini.

Mkweo mtiifu,
Fundi friji, ambaye kwa sasa yuko shimoni

Tanbihi: Mama, barua hii ilikaa juu ya friji siku nne ikingoja stempu, na binti yako anajua kusoma. Leo nimeikuta imekunjwa upya. Jana, Jumamosi, vibwengo walinifungua kamba wenyewe, wakajipanga, tukawamaliza kabla chai haijapoa. Tulishinda na hakuna aliyeshangilia. Kinyozi alimuuliza binti yako kama anaumwa. Kitindamimba wako akakumbuka ana shughuli, wakati kwa kawaida huwa tunasimama langoni hadi giza tukibishana namna ya kumtega mzee wa vibwengo. Binti yako alikusanya dadu akasema yuko sawa, amechoka tu, pengine Jumamosi zijazo awe analala. Niliona aibu, Mama. Siku nilipotumbukia alicheka hadi akatokwa machozi, na tangu apandishwe cheo sijamwona akicheka hivyo kwingine. Nami wiki nzima nilitengeneza friji za watu nikiwaza jinsi ya kutoka shimoni, na sikumbuki wiki nyingine niliyofurahia kazi kiasi kile. Basi hayo ya juu yote yafute. Mpigie simu umwambie vibwengo warudishiwe akili zao, na wakiweza waongezewe. Na asinionee huruma. Mimi si mgonjwa wake.