Moyo wa Kuazima

Jumatatu, 4 Machi

Miaka thelathini na mmoja nakata sare za shule, na leo nimekata kola arobaini zikapinda zote! Kitambaa kilinichomoka mkono wa kushoto. Vidole vilikuwa baridi, kama si vyangu. Moyo ukapiga, ukatulia, kisha ukatimua mbio. Nikashika meza.

Sentimita, mkataji wa pili, akaniletea kiti mbele ya watu wote. Mnafiki! Anautamani mkasi mkubwa. Katika karakana yetu mkasi ule hutundikwa msumarini, na hauguswi na mtu ila mkuu wa wakataji. Mkuu ni mimi.

Mwenye karakana, mama asiyejua kucheka, aliniita pembeni. Alisema niende kwa daktari wa moyo na nirudi na barua ya kuniruhusu kufanya kazi. Bila barua, mkasi utabadilisha mkono. Sentimita alisikia. Akaanza kupiga mluzi.

Jumanne, 5 Machi

Daktari ni mdogo kuliko viatu vyangu, lakini anajua kujieleza. Alisema moyo ukipiga ovyo hausukumi damu yote. Inayobaki hutuama kwenye kona ya moyo, huganda, na siku moja donge hung'oka likapanda ubongoni. Hapo ndipo kiharusi humwangusha mtu. Akaongeza kwamba aghalabu mwenyewe hahisi kitu mpaka siku hiyo. Habari za kumharibia mtu chakula cha mchana!

Alinivalisha mashine ndogo ya kunakili mapigo kwa siku mbili, yenye nyaya na vibandiko vya kifuani. Muuguzi akanifundisha kuvibandika upya vikilegea kwa jasho, akanipa na vya akiba. Mama wa watu! Hakujua anamfundisha nani.

Saa kumi na moja jioni nilikuwa kwa shemeji, mume wa dada yangu. Ni mpaka rangi. Hupanda ngazi na ndoo mbili, na hajameza kidonge tangu utoto. Nikamweleza shida yangu. Alicheka hadi akakaa chini.

"Shemeji, moyo nitakuazima, ila roho uniachie!"

Alitaka suruali ya kitambaa cha kijivu, mifuko mirefu, na dada asijue. Hilo la dada nililitaka zaidi yake: yeye na mwenye karakana huimba kwaya moja, na dada hana siri anayoweza kulala nayo. Nikambandika mwenyewe, kwa kanda ya kupimia, bila kukosea hata nusu inchi.

Alhamisi, 7 Machi

Nimerudisha mashine. Shemeji aliipaka tone la rangi nyeupe. Nilimwambia muuguzi ni chaki. Nimekata suruali ya kijivu kwa mapenzi. Kwa mara ya kwanza wiki hii nimekula nikashiba.

Jumatatu, 11 Machi

Balaa!

Daktari alifunga mlango kwanza. Alisema ameyaona mapigo yangu, na hali si nzuri hata kidogo: moyo wangu unapiga ovyo saa nyingi za siku, na damu inaweza kuganda wakati wowote. Akanipa vidonge vya kuzuia damu isigande, asubuhi na jioni, bila kuruka hata kimoja. Akasema ugonjwa huu si lazima unistaafishe. Nikimeza dawa, Ijumaa ataniandikia barua.

Nilikaa kwenye benchi la nje nikitafakari. Moyo mbovu ni wa shemeji! Shemeji wa ngazi na ndoo mbili! Wangu haujapimwa, kwa hiyo hauna kosa.

Ni wajibu wangu kumwambia. Lakini nikimwambia, atamwambia dada. Dada ataimba kwenye kwaya. Mwenye karakana atasikia. Na Sentimita atauteremsha mkasi. Ijumaa ni siku nne tu. Mtu aliyeishi miaka hamsini na nane na moyo huo atashindwaje siku nne?

Vidonge nimeviweka ndani ya kopo la vifungo. Mimi sivimezi. Ni haki ya shemeji, na mimi si mwizi.

Jumatano, 13 Machi

Nimempelekea shemeji suruali. Ilimkaa kama alizaliwa nayo. Alizunguka sebuleni mikono mifukoni, akamuuliza dada kama bado anamfahamu. Dada akamjibu kwamba suruali anaifahamu, ila aliyemo ndani ni yuleyule.

Kopo la vifungo nilikuwa nalo mfukoni. Mara mbili nilifungua mdomo. Mara ya kwanza nikasifu pindo. Mara ya pili nikaaga. Shemeji akanisindikiza mpaka mlangoni, akaniuliza kwa sauti ya chini kama moyo wake umefaulu. Nikasema umefaulu sana. Alifurahi kuliko alivyoifurahia suruali.

Alhamisi, 14 Machi

Saa nne asubuhi shemeji alikuwa anapaka rangi geti la jirani. Brashi ikamdondoka. Akainama kuiokota, mkono wa kulia ukakataa. Akataka kucheka, mdomo ukaenda upande mmoja. Jirani alidhani anafanya mzaha, maana ndivyo alivyo.

Nimemkuta wodini. Amevaa suruali ya kijivu. Daktari wa zamu alimuuliza dada kama mgonjwa amewahi kupimwa moyo. Dada akasema hajawahi, maskini, hata siku moja. Daktari akatikisa kichwa. Alisema kama wangejua mapema, kuna vidonge ambavyo pengine vingemkinga.

Nilikuwa nimesimama pale pale. Vifungo viligongana mfukoni. Shemeji alinitazama muda mrefu. Maneno hayatoki. Akauinua mkono wa kushoto, ule uliobaki mzima, akaugusa kifua chake, kisha akaninyooshea kidole mimi. Dada akalia zaidi. Alisema, kaka, ona anavyokupenda.

Ijumaa, 15 Machi

Barua sijapewa! Daktari wa moyo anataka kwanza nivae mashine tena, aone kama mapigo bado yanakwenda ovyo. Alinisifu kwa kumeza dawa. Sikumkatiza.

Jumatatu, 18 Machi

Mkuki kwa nguruwe. Nimeshindwa kulala siku nne, nimejitafakari, na nakiri kosa langu bila kuficha. Nilimwamini mtu kwa kumtazama kwa macho. Mkataji wa kweli hupima kwanza. Shemeji alionekana mzima, lakini uzima wa nje ni kitambaa tu, bitana haionekani. Funzo hili nitakufa nalo.

Mashine nimeivaa tangu asubuhi, na vibandiko vya akiba ninavyo.

Dada amekesha wodini siku nne. Anamlisha mumewe kwa kijiko, anamgeuza, anapanda ngazi za hospitali mara sita kwa siku, na hajaanguka. Huo ndio moyo! Jioni nilimwambia kwamba amechakaa, anahitaji gauni. Alinitazama kwa macho mekundu, akasema kaka, Mungu akubariki.

Nimeshamchukua vipimo. Kanda ilinidondoka mara tatu, mkono wa kushoto. Sakafu ya wodi ile inateleza mno.