Chupa ya Shigela

Jumatatu, 7 Juni 1976. Rujewa.

Mayu! Nina milango mwilini! Daktari wa Iringa kaja zahanati, kanieleza mwenyewe. Kila seli ina vipokezi, kama milango. Insulini inabisha hodi, mlango unafunguka, sukari inaingia. Ila kwa mnene kama mimi vipokezi vimepungua. Hodi, hodi, kimya! Sukari inazurura kwenye damu hadi inatokea kwenye mkojo. Wangu ulipochemshwa na dawa ukawa mwekundu kama tofali. Nipungue, milango irudi. Kanipa wiki mbili. Ukiwa mwekundu tena, nalazwa Iringa. Na mashine ya kijiji ya kukoboa mpunga ataiendesha nani? Mdogo wangu Seni! Huyo akiishika haachii. Keshaanza kuuliza ufunguo unakaa wapi.

Jumanne, 8 Juni.

Kupungua kazi. Mkojo wa mtu mwembamba rahisi! Nimemfuata Shigela mchunga ng'ombe, mwembamba kama fimbo yake. Kakubali kunijazia chupa, ila kila asubuhi nimchungie ng'ombe hadi siku ya kliniki, eti mguu unamuuma. Mnyonyaji! Nimekubali. Mashine nawasha mchana, muda upo.

Jumapili, 13 Juni.

Ng'ombe hawa wana wazimu! Nawakimbiza hadi mtoni na kurudi. Wali siuoni: nikitoka mke wangu Roza hajapika, nikirudi Seni kamaliza sufuria. Jana suruali ilinivuka mbele ya akina mama mashineni. Seni kacheka mpaka kakaa chini. Acheke tu. Akili ni nywele, na mimi zangu nyingi!

Jumatatu, 21 Juni.

Aibu! Mkojo wa Shigela niliutia kwenye chupa ya asali, niliyoisuuza harakaharaka. Sista Verediana, muuguzi wa zahanati, kauchemsha: mwekundu kupita ule wa kwanza! Seni, aliyekuja eti kunionea huruma, akanyoosha mkono apewe ufunguo. Sista akainusa chupa, akauliza ni nani huyo anayekojoa asali. Nikasema yote. Akanipa kopo, akasimama mlangoni. Nikakojoa mwenyewe. Akachemsha. Bluu! Bluu kabisa, sukari hakuna! Daktari kasema milango inarudi, niendelee kutembea, wali kidogo. Seni karudisha mkono mfukoni.

Jumanne, 22 Juni.

Nimeamka shujaa! Hila yangu imeniponya! Ng'ombe nimemrudishia mwenyewe. Nikimbizane nao tena nina kichaa? Roza kapika ubwabwa kwa kuku, na chai nimeitia vijiko sita vya sukari. Milango si iko wazi? Iingie! Kliniki tena mwezi ujao. Shigela nimeshamwambia aanze kunywa maji. Safari hii chupa naiosha kwa sabuni.