Mfuniko wa Sufuria la Jumuiya

Jumatatu, 9 Juni 2025
Aibu ya Idi haijanitoka. Makaa juu ya mfuniko, mfuniko ukabonyea, majivu yote ndani ya pilau! Bi Mwanamwema, mpishi wetu mkuu hapa Silver Spring, Marekani, kanipa muda hadi Jumamosi, harusi ya bintiye. Mfuniko ukibonyea tena, ulinzi wa sufuria la jumuiya unahamia kwa Fuad. Fuad! Mtu anayepika wali kwa umeme!

Jumanne, 10 Juni
Nimepona! Gichuki, Mkenya anayesomea metali chuoni, kanieleza kuwa aloi za alumini huimarika zikikandamizwa vibaya sana, kisha zikazeeshwa kwenye joto la wastani kwa saa nyingi. Akaanza kusema lakini si kila alumini, budaa. Nikamshukuru, nikakata simu. Wasomi hawaishiwi na lakini.

Jumatano, 11 Juni
Leo kukandamiza. Nimeulaza mfuniko kwenye maegesho, nikaukanyaga kwa gari. Kishikio kikaruka. Nikaukunja, nikaukanyaga tena. Nikaukunja tena. Jirani kachungulia dirishani akauliza kama nimegombana na mke wangu. Nikamwambia hii ni sayansi. Umekuwa mgumu, wallahi! Mdogo kidogo, ila mgumu.

Alhamisi, 12 Juni
Leo kuzeesha, ndani ya oveni. Kumbe samli ya harusi zote ilijificha kwenye mikunjo. Moshi! King'ora! Jengo zima nje, mke wangu na kanga kichwani, hataki hata kunitazama. Zimamoto wakauliza mwenye oveni ni nani. Binti yangu akawajibu kwa Kiingereza safi kwamba hanijui. Walipoondoka nikaurudisha ovenini. Kuzeesha hakukatizwi.

Jumamosi, 14 Juni
Harusi. Bi Mwanamwema kafunua taulo nililomkabidhi. Ndani, kitu cha ukubwa wa kisahani, kinene kama mkate wa mofa. Akauliza mfuniko uko wapi. Nikasema ndio huo. Akauliza tena, polepole. Nikamwomba aupande. Akaupanda, na mwili wake wote ule. Haukubonyea hata chembe! Akashuka, akauliza sasa pilau nitaifunika kwa kitu gani, kwa kofia yako?

Fuad, mnafiki, alikuwa na mfuniko wake kwenye buti la gari. Ukaenea sawasawa. Pilau ikaiva, tamu, inaudhi. Sufuria limeondoka naye. Nimelia ndani ya gari, sioni haya kusema.

Jumapili, 15 Juni
Gichuki kapiga simu, nikamsimulia yote. Anasema mfuniko ule ulikuwa alumini tupu, si aloi. Kuukanyaga kuliuimarisha, oveni ikaulainisha tena. Kilichombeba Bi Mwanamwema ni unene tu.

Kwa hiyo kosa halikuwa langu, lilikuwa la mfuniko! Nikamuuliza, na ule wa Fuad, unaong'aa, wa kiwandani? Akasema huo huenda ni aloi, lakini...

Nikakata simu. Nimempigia Fuad, nikampongeza, nikamwomba radhi, nikamwomba mfuniko wake kwa siku moja tu. Kakubali, maskini, furaha imemlevya. Nakwenda kujaza gari mafuta.