Shimo la Myanga na Maoni ya Wananchi

Jumatatu, 2 Machi

Serikali inataka shimo langu! Nimesikia redioni asubuhi nikinyoa ndevu, nikajikata. Kuna rasimu ya kanuni za machimbo. Ukishachimba mawe, lazima ufukie na upande miti juu. Sasa shimo langu la Myanga nilifukie vipi, na mawe bado yamo? Ravinder mwenye hadiwea, duka la vifaa vya ujenzi hapa Kitale, hununua kokoto yangu. Bila shimo mimi ni nani? Mtu wa mtaa wa Tuwan anayelishwa na bibi yake.

Alhamisi maafisa watakuwa Bungoma kukusanya maoni ya wananchi. Nimemwambia mke wangu Agneta kwamba hata mimi ni mwananchi. Akasema shimo lifukiwe tu, kwani ndama wake alitumbukia humo mwezi wa nane. Huyu mwanamke hasahau! Ndama mwenyewe yuko hai, anachechemea kidogo tu.

Jumanne, 3 Machi

Nimepata dawa! Nimesoma rasimu kwenye simu hadi macho yakauma. Shimo lenye samaki halihesabiwi kuwa machimbo. Hilo ni bwawa. Na chini ya shimo langu kuna maji ya kufika magotini. Mbio hadi Myanga na ndoo ya vifaranga vya samaki. Nimewamwaga, wakaogelea vizuri kabisa.

Jirani yangu Khisa alikuwa amesimama mpakani, anauliza ati siku hizi nimekuwa mvuvi. Khisa naye ana shimo, kubwa kuliko langu, kando ya barabara. Nikachukua ndoo yangu nikaenda zangu. Nalala huku leo, na moyo wangu umetulia.

Jumatano, 4 Machi

Bata wa Khisa! Wote! Nimewakuta shimoni alfajiri, wameshiba, wanatikisa mikia. Hakuna samaki hata mmoja. Nimeenda kulalamika. Khisa akasema bata hawajui mpaka, kisha akanishukuru kwa kuwalisha. Tena akanionyesha tai mpya ya kuvaa kikaoni. Kesho atawaambia maafisa kwamba mashimo ya kando ya barabara yaachwe, ila ya ndani ndani kama langu ndiyo hatari. Jirani gani huyu!

Nimerudi Kitale nimenuna. Ravinder akanitia moyo. Mwaka jana alihudhuria kikao cha maoni kuhusu wauzaji wa mitungi ya gesi, na aliona afisa akiandika zaidi yale yaliyopigiwa makofi. Hapo nikaelewa. Kumbe hoja ni makofi!

Nimewaalika kina mama wa chama cha Agneta. Watapata safari ya Bungoma, soda na mkate. Walikubali kabla sijamaliza kueleza. Mpango ni rahisi: nikipangusa uso kwa leso, wapige makofi ya kilo, lile kofi la pamoja la nguvu. Wasijali nani anasema nini. Tumefanya mazoezi nyuma ya nyumba hadi kuku wa jirani wakakimbia. Agneta mwenyewe amesema atakuja. Naona ameanza kulainika.

Alhamisi, 5 Machi

Naandika nikiwa bila shati. Kosa lilikuwa suti. Ni ile ya harusi, nzito, na ukumbi ule ni mabati matupu bila dari. Khisa alisimama wa kwanza na tai yake. Jasho likaniingia machoni. Sikugusa leso! Nilikaa kama niliyebandikwa kitini. Khisa akamaliza. Kimya. Mtu mmoja akakohoa. Raha niliyoisikia siwezi kuieleza.

Kisha afisa, Madam Jerop, akasema angependa kusikia pia kutoka kwa kina mama. Akasimama Agneta. Agneta wangu!

"Mimi ni bibi ya mwenye shimo," alisema. "Ndama yangu iliingia huko, tukaitoa na kamba. Watoto wa shule wanapitia hapo kila siku. Mimi sitaki siku moja tutoe mtoto. Hiyo shimo ifukiwe, na zingine zote."

Jasho likanitoka hata mahali nisipojua linaweza kutoka. Nikapangusa uso. Makofi ya kilo! Mabati yalitetemeka. Nikawapungia mkono wanyamaze, leso ikiwa mkononi. Wakaongeza. Madam Jerop akauliza kama huo ndio msimamo wa ukumbi mzima. Nikapangusa shingo. Wakasimama wima, wakapiga tena, na Madam akaandika. Zamu yangu ilipofika, soda zilikuwa zimefika nje. Nimehutubia viti.

Niseme ukweli, kwa kuwa hapa hakuna anayesoma. Aliposema mtoto, nilimwona akilini binti yetu Nafula akipita pale wakati wa likizo, anaruka ruka kama kawaida yake. Niliingiwa na hofu ya kweli. Halafu nikakumbuka kokoto.

Ijumaa, 6 Machi

Nilingoja matusi. Badala yake Agneta amenichinjia kuku na kunipa kipande kile cha mgeni. Akakaa karibu.

"Baba Nafula, jana ulinisimamia mbele ya watu," alisema. "Sikujua unaweza."

Sikumrekebisha. Kuku alikuwa mtamu.

Mchana chifu wa Myanga akapiga simu. Habari zimemfikia. Hataki kungoja kanuni zipitishwe, anataka wenye mashimo waanze mapema, na mimi niwe mfano. Nimekubali. Ningesemaje, na Agneta alikuwa ameegemea bega langu akisikiliza?

Jumatano, 18 Machi

Shimo limejaa! Agneta amekuja leo kuliona. Amepanda mti wa kwanza kwa mikono yake, machozi yanamlenga. Chifu amenipiga picha nikiwa nimeshika jembe. Khisa alitazama kutoka mpakani, uso umemshuka. Siku tamu sana!

Hakuna aliyeuliza udongo umetoka wapi. Umetoka upande wa chini wa shamba, nyuma ya migomba. Nimechimba hadi ukisimama huku juu huoni kichwa changu. Na udongo wenyewe ni mwekundu, laini, hauna hata jiwe. Nimesoma rasimu upya, mstari kwa mstari. Inataja mawe. Udongo haijautaja popote!

Khisa naye ameambiwa afukie lake, na hana udongo. Nimemwambia alete lori. Ravinder anauliza kama utafaa kwa matofali. Utafaa! Nikiongeza upana kidogo, hili litakuwa kubwa kuliko lile la kwanza.

Kuna tatizo moja dogo. Njia ya watoto wa shule inakatiza hapo nyuma ya migomba. Lakini nimeshalitatua, nimeisogeza. Sasa inapita ukingoni.