Nilivyoitetea Reli ya Pap Onditi

Leo nimejivua nguo mbele ya watu, na suti nilikuwa nimevaa.

Mimi ni katibu wa wachuuzi wa soko la Pap Onditi. Nilitumwa jambo moja tu: niende kikao cha maoni ya wananchi Kisumu, niombe reli ndogo ya kutoka kwetu hadi mjini itengewe pesa. Mimi nauza nyanya. Mvua ikinyesha lori linakwama siku mbili, na mzigo wangu unafika Kisumu ukiwa supu. Msimu mwingine kama huu nafunga biashara. Hiyo reli naitaka kuliko hata dereva atakayeendesha treni yake!

Sasa, vikao hivi mnavijua. Usipokuja na watu wako, unaambiwa "asante, keti" kabla hujamaliza kusalimia. Basi nikabeba akina mama thelathini wa soko, kila mtu na tisheti mpya na ahadi ya soda. Jana tulifanya mazoezi kabisa. Nikamwambia Mama Akinyi, kiongozi wao, "Nikipangusa uso na kitambaa cheupe, pigeni makofi na vigelegele."

"Hata kama hatujasikia vizuri?"

"Hapo ndio mpige zaidi!" (Mtaalamu mimi.)

Hotuba ilikuwa moto. Nikapangusa mara ya kwanza, ukumbi ukalipuka. Mara ya pili, hata karani wa kikao akapiga makofi. Nikaketi nikijiona mheshimiwa.

Afisa wa mipango akasimama kujibu. Yawa, joto la Kisumu! Saa saba mchana, bati juu, feni imekufa kitambo, na mimi ndani ya suti niliyofungia ndoa (enzi hizo sikuwa na tumbo).

"Ndugu wananchi," akasema, "nasikitika. Kwa bajeti ya mwaka huu, reli haimo."

Jasho likanitoka. Mkono ukaenda wenyewe.

Vigelegele! Akina mama thelathini wima! Mmoja alipanda kiti. Afisa akaendelea kwa woga, "Kwa pesa hizo tutajenga... maegesho ya magari ya ofisi."

Mimi nimechanganyikiwa, jasho liko machoni, sioni mbele. Nikapangusa tena. Mama Akinyi akatoka kucheza katikati ya ukumbi, akimwita afisa "baba yetu".

Nikaruka. "Nyamazeni! Hatujakubali!" Nikawapungia mkono watulie. Kitambaa bado nimekishika! Wakaona hii sasa ndiyo kubwa yenyewe. Sauti yangu haikusikika tena.

Afisa alikuwa karibu kulia. "Haki ya Mungu, tangu niajiriwe sijawahi kushangiliwa." Akamgeukia karani. "Andika: wananchi wa Pap Onditi wameunga mkono kwa vigelegele."

Kumbukumbu zikaletwa kwangu, maana katibu ndiye anayetia sahihi. Nikatia. Watu wanaimba jina lako, utafanya nini?

Tulipotoka nje Mama Akinyi akanikumbatia, machozi ya furaha yanamtoka. "Katibu, tumeshinda! Treni inaanza lini?"

Nimemwambia mambo ya serikali huenda polepole. Na wewe unayecheka hapo, njoo basi umwambie ukweli.