Kadi Uliyotuma Inalala Kazini

Kambi ya Polisi, Kampala
Jumatatu, baada ya chai ya asubuhi

Kwa shemeji yangu mpendwa Oyat, mlinzi huko Dubai,

Pokea salamu zangu mimi Adyero, mke wa kaka yako. Natumaini jua la huko halijakukausha, na kwamba siku hizi wanakupa kiti cha kukalia pale mlangoni pa duka lao kubwa. Sisi huku hatujambo. Kaka yako Obwona hajambo, mgongo tu ndio unamsumbua. Bado anavaa sare kila asubuhi kwenda kulinda bandari ya Port Bell, na anasema imebaki mwaka mmoja na miezi minne apumzike. Mama yenu Atim hajambo, anakula vizuri, anauliza utaoa lini, na usipomjibu ataniuliza mimi tena kesho. Mdogo wetu Loice hajambo, ameota meno mawili ya mbele kwa mpigo na sasa hafungi mdomo. Kuku watatu hawajambo. Wa nne naye alikuwa hajambo mpaka Krismasi. Binti yetu mkubwa Babra, uliyemtumia zawadi, mwili wake hauna neno. Yaliyobaki ndiyo yananishikisha kalamu.

Ningeweza kukupigia simu, Shemeji. Lakini kaka yako amesema malalamiko ya mdomo ni uvumi, malalamiko ya karatasi ni faili. Kwa hiyo naandika, Loice ataipiga picha akutumie, na nimeweka namba ili usije ukajibu la tatu ukaruka la kwanza. Shule niliachia darasa la nne. Nikikosea mahali, soma nilichokusudia.

Unajua Babra alikuwa na kompyuta aliyoipata kwenye mnada wa ofisi iliyokuwa inafunga. Kompyuta ya miaka kumi, nyeusi, mpole, haina makuu. Ndani yake kuna prosesa. Fundi wetu Mushagalusa, yule Mkongo wa Bukavu mwenye kibanda nyuma ya soko la Kikuubo, alinieleza kwamba prosesa ndiyo kichwa: katika ule mchezo wa mpira anaocheza Babra, prosesa ndiyo inayoamua mpira uende wapi na refa aone nini. Kisha wewe ukatuma kadi ya picha, ambayo ndiyo mkono unaochora hayo yote kwenye skrini. Kadi kubwa, ina feni mbili, ina taa za rangi kama baa. Nia yako ilikuwa njema. Nia hiyo hiyo njema ndiyo ninayoilalamikia, kama ifuatavyo.

1. Kadi yako inalala kazini. Hili si la kusikia, nimeliona kwa macho. Mushagalusa alifungua namba fulani pembeni mwa skrini wakati Babra anacheza. Prosesa ilikuwa inafanya kazi mia kwa mia. Kadi, thelathini. Nikamuuliza, na hiyo sabini nyingine iko wapi? Akasema, "Mama Babra, iko nangojea tu. Nangojea prosesa iiambie ya kuchora." Na wakati inangoja, picha inakwama. Mchezaji wetu ananyanyua mguu apige, mguu unabaki hewani, ukija kushuka mpira umeshaingia wavuni kwetu. Shemeji, mimi katika nyumba hii ndiye wa kwanza kuwasha moto na wa mwisho kukaa. Nyumba ambayo mmoja anatoka jasho na mwingine anapepewa na feni mbili, naijua mwisho wake.

2. Hapa nakiri na langu. Kadi ilipofika sikukubali sanduku lifunguliwe. Mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Na hiki kilikuwa kitu kilichotoka mbali, kwa ndege, mikononi mwa ndugu. Nikaliweka sanduku kwenye kiti cha kaka yako, nikalifunika kitambaa kizuri, majirani wakaja kuliona wakanywa chai. Babra alikuwa analia, "Mama, huyo si mtu!" Siku ya tatu tukaipa jembe. Sasa nawaza labda tuliizoeza vibaya, kwamba zile siku mbili ziliingia tabia. Nilipomwambia Mushagalusa alicheka mpaka akakalia bisibisi yake. Akasema kadi haina tabia. Mimi nimelea watoto wawili na mume mmoja. Kitu kisicho na tabia sijakiona bado.

3. Tulijaribu kupunguza mzigo, na hata huko tulidanganyika. Babra alishusha uzuri wa picha. Akaondoa nyasi, uwanja ukabaki kama meza. Akaondoa watazamaji. Akaondoa vivuli, wachezaji wakawa wanakimbia juani bila kivuli, kama majini, mama yenu Atim akatoka nje akasema hawezi kukaa chumba kimoja na vitu hivyo. Na picha ikaendelea kukwama vilevile! Kumbe nyasi na vivuli ni mzigo wa kadi. Prosesa haikupunguziwa hata punje. Yaani tulichukua kazi kutoka kwa aliyelala tukamwacha anayebeba na gunia lake. Kadi ikashuka kutoka thelathini hadi kumi na nane. Nilikasirika, Shemeji, sitaficha. Nikamwamuru Babra aing'oe feni moja ili nayo ionje joto. Alikataa, na kwa mara ya kwanza maishani akaniambia, "Mama, tafadhali, rudi jikoni."

4. Kadi imegawa nyumba. Kaka yako alitoka kazini jioni moja, akasimama mbele ya zile namba, akavua kofia. Akasema, "Huyu prosesa ni mimi." Kisha akatusimulia habari ya kituo kimoja nisichokitaja, ambako alikuwa konstebo akiandika maelezo ya watu peke yake, mstari unafika barabarani, na ndani, nyuma ya pazia, alikuwapo mkubwa mwenye nyota begani na kalamu nzuri mkononi, anangoja aletewe faili atie sahihi. Mwisho wa mwaka walikuja wakaguzi. Wakakuta meza ya konstebo imefurika na meza ya mkubwa ni safi. Mkubwa akapandishwa cheo kwa usafi wa meza. Tangu jioni ile ya namba, kaka yako kila asubuhi kabla ya kutoka anaigusa kompyuta begani anasema, "Vumilia, afande." Mama Atim naye yuko upande wa kadi, kwa sababu imetoka kwa mwanawe na kitu cha mwanawe hakiwezi kuwa kivivu. Jana wamekula wamepeana migongo. Mimi niliyekuwa katikati na sufuria sikujua nianze kumpakulia nani.

5. Hili ndilo lenyewe, na naomba ulisome umekaa. Picha ikizidi kukwama Babra anachukua begi lake anakwenda Kabalagala. Kuna ukumbi huko wa kuchezea, ambako anasema prosesa na kadi zimelingana, moja ikisema nyingine inachora, hakuna anayemngoja mwenzake. Sawa. Lakini huo ukumbi uko kati ya baa na baa, na mbele yake baa. Babra ana miaka kumi na tisa, amemaliza mtihani wa mwisho wa shule, anangoja matokeo, na msichana anayengoja matokeo ni kama mlango usio na komeo. Kila ikifika saa kumi na mbili jioni nasimama getini pa kambi najifanya natafuta kuku. Askari wa zamu wameshajua, wananiambia, "Mama Babra, kuku wako bado hajarudi?" Ushahidi wa baya lolote sina. Nina hofu tu, na hofu ya mama haijawahi kuomba ushahidi. Mimi namtaka mtoto wangu nyumbani, Shemeji. Sitaki kingine. Na anayemtoa nyumbani ni hiyo kadi yako, maana ingekuwa inaamka, angekaa. Nimemuuliza kaka yako kama kisheria kadi inaweza kushtakiwa kwa kushawishi msichana kutoroka kwao. Amesema atatafuta kifungu.

6. Mwisho, wewe. Kwetu, mke akiletwa na ndoa ikagoma, hatuanzi na bibi harusi. Tunamwita mshenga, yule aliyetembea kati ya koo mbili akasema hawa watafaana. Mshenga wa jambo hili ni wewe. Ulituma kadi bila kuuliza prosesa yetu ni ya umri gani, imetoka nyumba gani, ina nguvu gani. Ungemuuliza hata Loice angekuambia hiyo kompyuta ni bibi kizee. Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, umpe mwenzako Oloya, anayerudi nyumbani Ijumaa, prosesa inayolingana na hiyo kadi. Mushagalusa anasema prosesa mpya haitakubali kukaa kwenye bodi ya zamani, kwa hiyo ije na bodi yake. Na bodi hiyo haitakubali memori ya zamani, kwa hiyo ije na memori yake. Hatushangai. Anayeoa anapokea na ukoo. Ukishindwa, ichukue kadi yako. Ukishindwa na hilo, njoo mwenyewe, keti sebuleni mbele ya pande zote mbili, utueleze ulifikiri nini. Na ukija, njoo na mchumba, ili mama yenu aniache nipumue.

Wasalimie wote mnaolinda nao, yule Mkenya anayekukopesha sabuni, yule Mnepali anayewapikia wali, na bosi wenu pia kama anasalimika. Majirani zetu wote wanakusalimu, hasa waliokunywa ile chai.

Ni mimi shemeji yako, mwenye heshima nyingi na hasira kiasi,

Adyero, Mama Babra

Nyongeza, Alhamisi

Shemeji, barua hii ilikaa kwa sababu simu haikuwa na bando, na imekuwa heri.

Jumanne Mushagalusa alikuja na prosesa ya kuazima pamoja na bodi yake na memori yake, apime kama maneno yake ni ya kweli. Ni ya kweli. Prosesa sasa iko sitini, kadi imepanda mpaka tisini na saba. Nyasi zimerudi, vivuli vimerudi, watazamaji wanaimba. Mpira unateleza kama mafuta ya simsim. Kaka yako alipiga saluti. Mama Atim alisema alijua tangu mwanzo. Na Babra hajatoka getini siku mbili nzima. Kila nilichokuandikia hapo juu nimekipata.

Sasa sikiliza. Yuko hapa, hatua tatu kutoka kwenye meza ninayoandikia, hedifoni masikioni. Nimemwita kula mara nne. Zamani picha ilipokuwa inakwama alikuwa anavuta hedifoni shingoni, anageuka, ananiambia neno. "Leo rafiki yangu fulani kanikasirikia." "Mama, unapika nini?" Picha ikitembea anarudi, ikikwama anageuka tena, tunaendelea pale tulipoishia. Hata kwamba anaogopa hayo matokeo aliniambia hivyo, kidogo kidogo, jioni nzima, mimi nachambua karanga. Na akitoka Kabalagala alikuwa anaingia na habari mpaka viatu anasahau kuvua. Sasa hakuna kinachokwama. Tangu Jumanne sijui hata kama anaumwa kichwa.

Leo asubuhi nimekwenda kibandani kwa Mushagalusa nikamwambia aje achukue prosesa yake. Akafungua kitabu, akauliza aandike kasoro gani. Nikamwambia aandike haina kasoro. Akasema, "Mama Babra, hiyo haiko sababu ya kurudisha kitu." Nikamwambia awaulize wenye watoto. Ameahidi kuja Jumamosi kuturudishia ile ya zamani.

Kwa hiyo usitume prosesa. Usitume bodi wala memori. Kama umeshampa Oloya, mwambie aisahau kwenye teksi. Kadi iache hapa hapa ilale, ndiyo kazi yake, na namba moja mpaka sita uzifute zote, isipokuwa lile neno la mchumba.

Nijibu upesi, leo hii, kwa maana Oloya anapanda ndege kesho saa nne asubuhi. Barua yote hii nimeisoma kwa sauti hapa mezani kuangalia kama imekaa sawa, na Babra hajageuka.